Kisanduku cha Sita

Nianze na harufu. Ilitoka kwenye bilauri. Nilikuwa nimekaa kitandani bwenini, saa nne asubuhi, nimejimiminia maji ya bomba ili nimezee dawa ya kichwa, na kabla bilauri haijafika mdomoni pua ikagoma. Nikaishusha. Nikadhani labda ni mkono wangu, maana jana yake nilishinda karakana nikipaka grisi. Nikaenda kunawa kwa sabuni, nikarudi, nikanusa tena. Phu! Harufu ya choo. Tena si choo cha mtu mmoja wala cha leo. Choo cha umma, cha miaka na miaka, kilichopakwa chokaa kikaambiwa kitulie. Na maji yenyewe yalikuwa meupe, maangavu, ukiyainua dirishani yanametameta. Hapo ndipo nilipochefukwa hasa. Uchafu unaoonekana una uungwana wake, unakwambia mimi ni uchafu, pita mbali. Huu ulikuwa umejipamba, na mimi nilikuwa karibu kuumeza na dawa.

Niseme mapema kabisa kwamba mimi ni mtu wa kinyaa. Mama alikuwa akiniambia tangu mdogo, "Somoe, wewe utakufa njaa huku umezungukwa na sahani." Mkono uliofuta kamasi ukigusa mkate, mkate huo kwangu umekufa. Kwa hiyo ukiona nasonya kila mahali, nivumilie. Sisonyi bure.

Nikatoka na bilauri hadi barazani, nikamkuta Chitanda. Huyu ni rafiki yangu, tuliingia Chuoni siku moja, na kwa mambo mengi ni mtu mwema. Nikampa anuse. Akanusa, akanywa nusu, akanirudishia.

"Mbona ya kawaida?"

"Hii ndiyo kawaida?"

"Maji ya Chuo ndivyo yalivyo, bwana. Pua yako ina makuu. Kanywe soda."

Chuo chetu kiko juu ya kilima, mji uko chini yake, na kati ya viwili hivyo kuna bomba. Sijui kama duniani kuna chuo kingine au mji mwingine. Haikuwemo kwenye mtaala. Jua huwashwa na Idara ya Umeme saa moja kamili, na wakiwa na mitihani huchelewa, nasi twasubiri gizani na miswaki yetu. Mwaka hauishi mpaka sahihi zitimie, ndiyo maana Mwaka wa Nne niliokuwa nao ulikuwa wa tatu kwangu, pengine wa tano. Mvua zilikuja zikaondoka, na bado tangazo ubaoni lilisema wiki ya kumi na moja. Chitanda aliingia foleni ya ofisi ya mitihani akiwa kijana wa nywele nyeusi ti, akatoka upande wa pili ameshika fomu, kichwa chote mvi. Tulicheka mpaka machozi. Ungefanya nini?

Tulikuwa tunasoma Uhandisi Mseto. Wenzetu wana idara moja moja, Maji, Umeme, Mitambo, Ujenzi, Kemikali; mtu huingia yake, akafunga mlango, akazeekea humo. Sisi tunazisoma zote tano. Kijiko cha hiki, ukucha wa kile. Jumatatu asubuhi unajifunza jinsi zege linavyokauka, mchana unajifunza jinsi mkondo wa umeme unavyotafuta njia fupi, na kesho yake unaulizwa kwa nini hujui vyote kama wanavyovijua wenye navyo. "Mshika mbili moja humponyoka," walikuwa wakituzomea kantini, "sembuse nyie mlioshika tano!" Tunainamia sahani zetu. Kusema kweli walikuwa na haki kidogo.

Lakini zomeazomea si kitu. Kilichokuwa kinanila ni kingine. Nikiingia Idara ya Maji, wanasema, "Aa, yule wa Umeme." Nikiingia Umeme, "Dada, darasa la Ujenzi liko ng'ambo." Ujenzi walinijua kwa jina la msichana wa Mitambo, na Mitambo walinipa alama za mtu wa Kemikali ambaye sijawahi kumwona, na mimi nikazipokea kwa sababu zilikuwa nzuri. Kote nilikuwa mgeni wa jirani. Usiku, hapana, si usiku tu, hata mchana nikitembea kwenye ule ushoroba unaorefuka kila ukipewa kazi mpya, nilikuwa najiuliza: mtu akigawanywa mafungu matano, kila fungu likapata mwenyewe, likatiwa muhuri na kuwekewa kabati, anabaki nani wa kuitika akiitwa? Jina langu likisomwa kwenye mahudhurio nilikuwa naitika kwa kuchelewa. Mhadhiri ananitazama kwa hasira, na mimi nashangaa kwamba mdomo ulioitika ni wangu.

Mahali pamoja tu palikuwa petu. Kila muhula wa mwisho Chuo hushusha bomba lake mtaa mmoja zaidi kule mjini, na ramani ya mtaa huo huwekewa visanduku sita vya sahihi. Vitano ni vya wakuu wa idara. Cha sita ni kidogo, kiko pembeni chini kabisa, kimeandikwa Viungo, na hicho husainiwa na mhitimu wa Mseto. Maana yake ni hivi: mabomba ni ya Maji, pampu ni ya Umeme na Mitambo, kuta ni za Ujenzi, dawa ni ya Kemikali, lakini pale vitu hivyo vinapogusana si pa yeyote. Pale ni petu. Bila sahihi ya kisanduku cha sita maji hayafunguliwi, na bila maji kufunguliwa hakuna shahada.

Na iko mila yake. Siku ya kufungua, mama wa mhitimu hupanda jukwaani mtaani pale pale, hupewa bilauri ya kwanza, hunywa yote mbele ya watu. Akimeza, mtoto anasaini. Asiye na mama huazimiwa. Sijawahi kusikia mama aliyekataa. Nani akatae, na vigelegele vile?

Mtaa wa safari hii ulikuwa Mtaa wa Chokaa, kwetu. Mama alikuwa amekwisha kushona kitenge. Alinipigia simu kila baada ya siku mbili. "Somoe mwanangu, nafanya mazoezi ya kunywa nisijimwagie. Bilauri ni ndefu au fupi?" Nikamwambia fupi. "Na ni lazima ninywe yote?" Nikamwambia ndiyo, yote. Akafurahi. Mwanamke huyu alikuwa amebeba ndoo kichwani tangu kisima cha bondeni miaka yote ya uhai wangu, shingo yake imezama mabegani kwa ndoo, na sasa bomba lilikuwa linakuja mlangoni kwake kwa mkono wa mwanawe.

Sasa nieleze nilichokuwa nakijua, maana msomaji asije akadhani pua yangu iliropoka tu.

Chini ya Tangi Kuu kuna shimo. Ndani ya shimo, bomba la maji safi na bomba la majitaka ya Chuo kizima hupita pamoja, yametenganishwa na ukuta mmoja wa zege. Kila mtaa kabla haujafunguliwa, mwanafunzi wa Mseto hutakiwa ashuke shimoni na kopo la rangi nyekundu, aimwage upande wa majitaka, angoje saa nzima, kila robo saa atazame upande wa maji safi, kisha aandike alichokiona. Ni kipimo cha kijinga kwa urahisi. Mtoto anaweza. Nilipewa nikiwa Mwaka wa Pili, kwa ajili ya mtaa wa Ghalani. Nikaenda. Nikafunua mfuniko wa shimo, ile harufu ikanipiga uso, nikafunika.

Nikakaa juu ya mfuniko. Chitanda akapita, akanikuta, akatoa kwenye begi lake desa. Hakuna aliyesoma chuo asiyelijua desa: karatasi za waliotangulia, zimenakiliwa mpaka zimefifia, zimechafuka mafuta ya chipsi. "Wote wanaandika hakuna rangi," akasema. "Ushuke ufuate nini?" Nikadesa. Robo ya kwanza, hakuna rangi. Robo ya pili, hakuna rangi. Nilibadilisha hata kalamu katikati ili ionekane niliandika kwa nyakati tofauti, na robo ya tatu nikaiandika kwa mwandiko wa mtu aliyechoka kuchuchumaa. Nikapata alama ya juu. Mhadhiri aliandika kwa wino mwekundu, Kazi safi.

Sasa maji yananuka kwenye bilauri yangu. Nikafanya alichofundishwa kufanya msomi: nikaenda kuuliza.

Idara ya Maji wakaniambia maji yao yanaishia ukutani, na ukuta ni wa Ujenzi. Ujenzi wakaniambia zege halinuki. Umeme wakauliza, "Pampu inazunguka?" Nikasema inazunguka. "Basi." Mitambo wakaweka kiganja kwenye bomba, wakafumba macho, wakasema halitetemeki. Kemikali walikuwa wapole kuliko wote. Waliniambia nilete maji hayo kwenye chupa ya idara, na chupa za idara zimekwisha. Kila mlango niliotoka walinisindikiza kwa maneno yale yale: hilo ni la kiungo, na kiungo si ninyi? Khaa! Hapo nilipata cheko la uchungu. Wamenikana miaka yote, siku ya mavi ndiyo wakanitambua.

Nikaenda stoo kwa Fundi Kihwelo. Huyu ndiye mtunza vifaa wa maabara, mtu wa makamo, mwenye kisirani, kazi yake kugawa na kupokea.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Unataka nini, tumefunga."

"Mlango uko wazi."

"Uko wazi mimi nipate hewa. Unataka nini?"

"Kopo la rangi nyekundu. La kipimo cha shimo."

Akageuka, akavuta pazia la rafu ya nyuma. Makopo kumi na tisa yalikuwa yamepangwa, kila moja na lebo ya mtaa na mwaka. Akaanza kuyagonga kwa ukucha, moja baada ya jingine. Yote yaliitika mazito. Hakuna lililowahi kufunguliwa.

"Wanakuja, wanasaini wamechukua," akasema. "Jioni wanarudisha, wanasaini wamerudisha. Kizibo hakijaguswa. Hili hapa Ghalani. Si lako hili?"

Lilikuwa langu.

"Na wewe Fundi ulikuwa unajua?"

"Mimi kazi yangu stoo, mwanangu. Kopo likitoka likarudi, mimi nimemaliza. Unachukua moja au unachukua yote? Yananijazia nafasi."

Nikachukua yote, kwa toroli.

Nikafunua mfuniko saa sita mchana, jua limewashwa lote. Nikajifunga khanga puani, nikatafuta ngazi kwa mguu. Na sasa nisikilize vizuri. Ngazi ile ya chuma, yenye umri wa Chuo, ilikuwa bado imevaa nailoni ya dukani. Kila kipago kimefungwa nailoni yake, na karatasi ya kiwandani ingali imebandikwa, ina picha ya mtu anayetabasamu akionyesha jinsi ya kupanda. Mguu wangu ndio ulioichana. Vizazi vya wahandisi vimeandika "nilishuka", mitaa kumi na tisa imefunguliwa, akina mama kumi na tisa wamekunywa wakapigiwa vigelegele, na hakuna kiatu kilichowahi kugusa kipago cha kwanza. Nilisimama pale, nusu juu nusu chini, nikishika ile nailoni iliyochanika, na nikasikia kinyaa kikipanda kutoka unyayoni. Si cha harufu sasa. Cha mwandiko. Cha ule mwandiko wangu wa mtu aliyechoka kuchuchumaa.

Nikamwaga kopo la kwanza upande wa majitaka. Kitabu kinasema ngoja saa nzima. Hata dakika haikufika. Kwenye zege kulikuwa na ufa, mpana wa kuingiza vidole vinne, na rangi ikapita humo kwa utulivu, kama mgeni anayeijua nyumba, ikaenda kujilaza kwenye maji safi.

Nikatapika. Nilitapika kifungua kinywa, nikatapika na jana. Halafu nikaona matapishi yangu yanaelea, yanasogea polepole, yanaelekea kwenye ufa. Yanakwenda mjini. Nikapiga magoti nikayakinga kwa viganja, mimi, Somoe, nisiyekula mkate ulioguswa, nimezama hadi viwiko kwenye majitaka ya watu elfu sita nikiyazuia ya kwangu yasiende kwa watu. Yalipita katikati ya vidole.

Na humo shimoni, nisamehe, ndimo nilimopata jibu la swali langu la ushorobani. Nani amechefukwa? Si yule wa Maji. Yule angepima mtiririko. Si wa Ujenzi, angepima ufa. Si wa Kemikali, si wa Umeme, si wa Mitambo. Kila fungu langu lilikuwa na hesabu yake ya kufanya na lingeifanya vizuri bila kutapika. Aliyetapika alikuwa mtu mzima mmoja asiyegawanyika. Kumbe alikuwepo siku zote. Kumbe ndiye aliyefunua mfuniko Mwaka wa Pili, akanusa, akajua. Hakukosa kujua hata siku moja. Alikosa kushuka tu. Nilitamani asiwepo kabisa, ningepata nafuu. Nikamwaga makopo yote kumi na tisa, miaka yote, mitaa yote, nikapanda.

Saa nane mchana mabomba ya Chuo yakatoa maji ya waridi.

Nilidhani watapiga kelele. Na kweli walipiga, kwa saa moja hivi. Kisha ikaja saa ya chakula, wali ukatoka wa waridi, watu wakatazamana, njaa ikawashinda wakala. Siku ya pili wakaanza mizaha. Siku ya tatu wasichana wa Umeme walikuwa wanasifia jinsi shuka zao zilivyopata rangi. Ujenzi walipaka Tangi Kuu waridi ili lifanane. Wiki haijaisha, ubaoni kukabandikwa tangazo lenye mihuri mitano: kuanzia leo maji safi na salama ni yale yenye rangi ya waridi, atakayeona maji yasiyo na rangi atoe taarifa Idara ya Maji.

"Si umeona," Chitanda aliniambia, midomo imemkolea waridi. "Wamelishughulikia."

Profesa Mbonde, Mkuu wa Wakuu, akaniita ofisini. Ni mtu wa sauti laini. Hajawahi kumkaripia mtu. Alikuwa anakunywa chai ya maziwa, na maziwa yale pamoja na maji yale yalikuwa yamepata rangi ya fizi. Akachovya andazi, akalikamua kidogo kwa ulimi.

"Shikamoo, Profesa."

"Marahaba, binti yangu. Kaa. Nimesikia umefanya kipimo. Kizuri sana. Kimetusaidia kuboresha kiwango."

"Profesa, majitaka yanaingia kwenye maji ya kunywa. Kuna ufa. Nimeushika kwa mkono huu."

"Neno majitaka sasa lina utata." Akatafuna. "Mambo mengi ni suala la kipimo unachotumia. Wiki mbili zijazo Chokaa inafunguliwa. Mama yako ameshajiandaa?"

Nikasema sitasaini. Hakukasirika. Alifungua faili, akaligeuza upande wangu kwa adabu. Ilikuwa ripoti ya Ghalani. Robo ya kwanza, hakuna rangi. Kalamu mbili.

"Sahihi hii ni ya nani?"

Macho yangu yakaenda kwenye robo ya tatu.

"Kama kipimo chako cha leo ni kweli, basi hii ni uongo, na mwongo hawezi kuaminiwa kipimo chake cha leo. Kama hii ni kweli, basi kipimo cha leo kimekosewa. Vyovyote vile, binti yangu, unasaini." Akanisukumia kikombe. "Kunywa chai."

Nilishika simu mara ngapi kumpigia Mama? Kila siku. Yeye ndiye aliyekuwa anaanza. "Nimekwisha waalika mpaka wa Ghalani," anasema. "Kiti cha jukwaani kina mto?" Na mimi, mhandisi wa vyote, natafuta sentensi ya kumwambia kuhusu ufa isiyopitia Mwaka wa Pili. Haikuwepo. Kila njia niliyoichora ilipitia pale. Nikawa namwambia ndiyo Mama, kina mto.

Siku ikafika. Jukwaa liliwekwa mbele ya mlango wetu hasa, na bomba jipya likachomoza kando yake, limefungwa utepe. Mtaa mzima wa Chokaa ulikuwa pale. Wakuu watano walikaa kwa mstari, ramani imetandazwa mezani, visanduku vitano vimejaa, cha sita kitupu. Mimi nilikuwa nimevaa joho, kalamu mkononi. Mama akapanda. Kitenge kilimkaa. Alikuwa amepaka wanja, jambo ambalo sikuwa nimeliona tangu Baba afe, na alitembea akiinyoosha ile shingo yake kwa nguvu.

Profesa Mbonde akafungua bomba, akajaza bilauri, akampa kwa mikono miwili. Vigelegele vikaanza kabla hajaipokea.

Mama akaipandisha. Ikafika puani, ikasimama.

Alinusa mara moja. Alishusha bilauri kidogo, akageuka, akanitazama mimi.

"Somoe, haya yanafaa?"

"Mama mzazi," Profesa akasema kwa ile sauti yake, "yamethibitishwa na idara tano."

"Nimemuuliza mwanangu. Si ndiye aliyesoma?"

Miaka yote ile, mitihani yote ile, hapakuwahi kuwa na mtu aliyeniuliza kitu ambacho jibu lake angelimeza. Wakuu watano walinitazama. Watu walikuwa wamenyamaza, wakidhani ni sehemu ya sherehe.

"Usinywe, Mama."

"Kwa nini?"

"Yana mavi."

Mtu mmoja akacheka nyuma, akaacha. Profesa akanigusa bega. Nikauondoa mkono wake.

"Umejuaje?" Mama akauliza.

"Nimepima."

"Lini?"

"Wiki tatu zilizopita."

"Wiki tatu." Aliirudia polepole. "Na mimi nakupigia simu, unaniambia habari ya mto." Akatazama rangi ile kwenye bilauri. "Na kabla ya hapo mlikuwa mnapima?"

"Kabla ya hapo niliandika nimepima. Sikushuka."

"Uliandika kwa ajili ya nani?"

"Ghalani."

Mama aliiweka bilauri juu ya ramani, taratibu, asimwage. Akajifuta kiganja kwenye kitenge kipya. Kisha akaniangalia, na jicho lile nilikuwa nalijua. Ni langu, ndilo nililowatazamia watu maisha yangu yote, na mikate yao. Sikuweza kulibeba, nikaangalia chini. Nilipoinua uso alikuwa ameshashuka jukwaani, amepasua watu, anakwenda. Ghalani ni mtaa wa pili tu, ukivuka mfereji. Profesa alikuwa anasema kitu kwenye kipaza sauti kuhusu marekebisho madogo ya ratiba. Nikaacha kalamu hapo, nikamfuata nikikimbia, joho linaniingia miguuni.

Hakunisubiri na hakugeuka. Alisimama nyumba ya kwanza ya Ghalani, kwa Bi Tatu, shoga yake wa kisimani, akabisha hodi. Bi Tatu alikuwa uani anamkogesha mjukuu wake kwenye karai, kikombe mkononi, na maji kwenye ndoo yalikuwa ya waridi.

"Karibuni, karibuni! Mbona mmeikimbia sherehe? Ndio kwanza nilikuwa najiandaa nije."

"Hatukai, Bi Tatu," Mama akasema. "Mwanangu ana neno." Akasogea pembeni ya mlango. "Sema."

Nikaanza. "Bi Tatu, uchunguzi uliofanyika umebaini kwamba..."

"Sema kama mtu," Mama akasema.

"Msinywe hayo maji. Yana mavi. Nilitakiwa nipime kabla hawajawafungulia, sikupima, nikaandika nimepima."

Bi Tatu alikitazama kikombe. Akamtazama mtoto, mdomo wake umelowa, anacheka na povu. Akamtoa kwenye karai, akamfunga kwa upande wa khanga yake, akamfuta mdomo, akamfuta tena, akazidi kumfuta mpaka mtoto akaanza kulia.

"Huyu ni wa pili," akaniambia. "Wa kwanza alihara siku tatu. Nilikuwa nampa maji kwa kijiko, zahanati waliniambia nisiache kumpa maji."

Nikageuka nimwangalie Mama. Alikuwa ameshabisha hodi nyumba ya pili, amesogea pembeni ya mlango, ananisubiri.